Waini Nyeupe na Dagaa wa Kibirizi

Leo aibu imenikuta nimevaa shati jeupe la kuazima. Naandika polepole (mnanijua), kwa hiyo mnivumilie mpaka mwisho.

Mimi naosha vyombo kwenye mgahawa wa Mama Neema, huku Katonga, kando ya ziwa. Miaka miwili sasa. Ninachotaka ni kuhudumia mezani. Kila nikiomba, Mama Neema ananijibu: "Wewe mbele ya mgeni sauti inaingia tumboni. Utamhudumiaje?"

Juzi nikakaza moyo. Nikamwomba anijaribu mara moja tu. Akakubali! Leo mchana angekuja mzee mmoja wa Ujiji na mkewe, wanaozesha binti yao, kuonja chakula na waini ya harusi.

"Ukiwahudumia vizuri, masufuria utayaaga," akasema. "Ukiharibu, usiniombe tena."

Waini yenyewe ni nyeupe, imechanganywa zabibu za aina tatu, inanukia hata kabla hujaionja. Mama Neema akanifundisha maneno ya kuwaambia wageni. Nimeyakariri siku mbili. Nimeyasema mbele ya masufuria. Nimeyasema mbele ya mbuzi wa jirani (mbuzi akaondoka). Shida yangu ni moja: nikinyamaza katikati, yote yanapotea.

Saa saba wakafika. Nikatoka jikoni. Mkono wa kushoto kindoo cha barafu. Mkono wa kulia chupa, nimeizungushia taulo jeupe kama nilivyofundishwa. Nikaelekea mezani kwao.

Dagaa wa Kibirizi walishafika mezani, wamekaangwa wakakauka, wana ndimu na pilipili, pembeni ugali wa muhogo. Mzee alikuwa anabishana na mkewe nani akae meza ya mbele siku ya harusi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," mzee akajibu bila kunitazama. Akakunja mikono ya shati. Akanyoosha viganja vyote viwili juu ya kindoo changu.

Jamani. Mimi ni kitindamimba. Nyumbani kwetu Mwanga nanawisha watu tangu nina miaka sita: babu, wajomba, wageni wa msibani. Mkono wa mtu mzima ukinyooshwa mbele yangu, namimina. Siulizi!

Nikamimina.

Na mdomo ukaanza wenyewe: "Waini hii ina harufu ya maua, limao na embe bivu..."

Mzee anasugua vidole, bado anabishana. "Binti, sabuni iko wapi?"

"...haipendi nyama choma, moshi utaimeza. Inapenda samaki..." (Nisingeweza kunyamaza! Nimeshawaambia.)

"Maji yenu yana baridi," mzee akasema. Kisha akanusa kiganja. Akanusa tena. "Mama Rehema, hebu nusa hapa."

Mkewe akanusa. Akatazama kindoo. Akaiondolea chupa lile taulo.

"Baba Rehema! Unanawia waini!"

Nusu ya chupa imeishia kwenye barafu. Mama Neema amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, mdomo wazi. Ziwa lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, na nililifikiria.

Lakini nikayafikiria pia yale masufuria. Na nilikuwa nimebakiza sentensi moja. Nikaisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu:

"Na inaendana hasa na dagaa wa kukaanga wenye ndimu na pilipili! Karibuni!"

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza. Akakata tonge kwa mkono uleule uliolowa, akachota dagaa, akatafuna. Akalamba kidole. Akalamba cha pili.

"Mama Rehema," akasema, "huyu binti hasemi uongo. Vinaendana."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza.

"Leta chupa nyingine," mzee akaniambia. "Ulete wewe mwenyewe. Ila safari hii uniwekee kwenye glasi, mikono imeshakunywa."

Karamu ya harusi italiwa mgahawani kwetu. Kesho naanza mezani, na Mama Neema ametoa sharti moja tu: jagi la kunawishia wageni nisiliguse.

Kwa hiyo anayetaka kucheka, acheke leo amalize. Kesho nina wageni.