Mshenga wa Tasnifu

Jumatatu, 1 Machi 1999
Ijumaa saa tisa ndiyo mwisho. Asiye na msimamizi wa tasnifu anasubiri mwakani. Mwakani! Na baba ameshaitangazia Masasi nzima kwamba mwanawe Uwesu ni bingwa wa kompyuta.

Dokta Pranav amebakiwa na nafasi moja. Pantaleo, ambaye hata kwenye foleni ya ubwabwa lazima awe mbele yangu, anasema Alhamisi atagonga mlango wa Dokta amwombe. Hivi hivi! Nimemhurumia. Mke tu mtu haendi kujiombea mwenyewe, sembuse msimamizi. Mimi nitatuma mshenga. Tena ninaye humu humu ndani! Shangazi Siwema ameozesha nusu ya Mtaa wa Swahili.

Jumanne, 2 Machi
Nilimweleza Shangazi: nataka kutengeneza programu ya kugawa vizimba vya soko la Kariakoo. Akasema hayo ya vizimba atayagusia tu, kazi yake ni kunisifu mimi. Akajifukiza udi, akavaa doti mpya ya khanga, akabeba sahani ya vileja na kukata Mnazi Mmoja kwenda Upanga.

Karudi amenuna. Kumbe mambo mazuri! Mama yake Dokta, Mama Jasvanti, kamkaribisha chai ya tangawizi. Dokta kacheka sana, kasema wazo la vizimba limempendeza, kesho nipeleke fomu asaini.

Niliruka. Shangazi akaniambia nikae chini, maana amekataa. Amekataa! Eti hakuna nyumba ya maana inayojibu siku ile ile, na anayekubali upesi ana kasoro anaificha. Amewaambia tunashukuru, tunaenda kushauriana.

Nilitaka kubisha. Lakini kati yetu nani mzoefu? Nikaona ana akili sana huyu mama.

Jumatano, 3 Machi
Shangazi kashinda Upanga akimchunguza Dokta. Kauliza majirani: analewa? Ana hasira? Wale wa kabla yangu aliishi nao vipi, na kuna yeyote aliyemkimbia? Mlinzi wa ghorofa kasema Dokta hana neno. Muuza mboga naye hivyo hivyo. Shangazi ndiyo kazidi kushuku.

Hakutaja tasnifu, anasema mshenga hamwagi siri za watu njiani. Basi kufika jioni, ghorofa zima linampongeza Mama Jasvanti kwa kupata mkwe wa Kariakoo. Mama wa watu kashuka ngazi na sahani ya vileja mkononi, karudisha vyote.

Alhamisi, 4 Machi
Pantaleo kagonga, kaomba, kapewa.

Nimejifungia chooni nikalia. Kweli nimelia, nikimfikiria baba. Baadaye nikakutana na Dokta kwenye ngazi za idara. Hana kinyongo, kasema jana angenisainia hata akiwa amesimama, ila sasa nafasi hana, na nyumbani kwao neno posa limepigwa marufuku. Shangazi anasema bora, nimeepushwa na makubwa.

Ijumaa, 5 Machi
Nimeenda chuoni na fomu tupu, nikasimama kwenye ubao wa matangazo bila kusoma chochote. Akapita Madam Violeth, yule mhadhiri mpya ambaye wote tunamwogopa, kwa hiyo hakuna aliyemwomba. Akaniuliza mbona nimekaa kama mfiwa. Mshenga sikuwa naye karibu, ikabidi niseme mwenyewe. Akataka kujua programu yangu itatambuaje kizimba ambacho mwenyewe amekihama kimyakimya. Nikamjibu. Akachukua fomu, akaiegemeza ukutani, akasaini!

Nina msimamizi! Nimekimbia nyumbani kumwambia Shangazi. Kapiga vigelegele, wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakampokea, bila kujua ni vya nini. Kapika pilau. Nimekula hadi nimefungua kifungo.

Pantaleo amekuja kula, kama kawaida kajipakulia wa kwanza. Anasema sasa nimejionea, kuomba tu kunatosha. Maskini, haoni mbali! Anadhani Madam Violeth alipita pale bure? Sifa zangu zimetapakaa Upanga nzima siku mbili hizi, zisimfikie? Hiyo ni kazi ya Shangazi, na mimi najua kushukuru.

Mtahini wa nje atatoka Nairobi. Nimemuuliza Shangazi kama ana pasipoti. Hana. Jumatatu nampeleka akapige picha.