Pikipiki Iliyoibwa Kweli

Hudson aliposikia kwamba kampuni moja ya bima pale Voi inawapunguzia bei wenye kukata bima ya gari na pikipiki kwa pamoja, ulimi ulianza kumwasha. Na ulimi wa Hudson ukiwasha, mtu fulani mjini lazima apate hasara.

Alikuwa na gari aina ya Probox lililobeba abiria, na pikipiki ya bodaboda aliyoendesha binamu yake, Bonface. Mpango ulikuwa rahisi. Angekata bima kubwa, ile inayolipa hata chombo kikiibwa. Kisha Bonface angeificha pikipiki kwao Kishushe, naye Hudson angelia wizi.

"Nani ataitafuta Kishushe?" alimwambia Bonface. "Ile barabara mbovu yenyewe ni askari tosha."

"Wewe ni profesa, binamu," Bonface akasema kwa unyenyekevu mwingi.

Hudson akavaa koti la Jumapili, akaenda kwa Umi, ajenti wa bima, mwanamke mtaratibu wa ukoo wa pwani.

"Bwana Hudson, nijibu kama unavyomjibu daktari," Umi alisema. "Gari lafanya kazi gani?"

"Kanisani na sokoni tu."

"Hubebi abiria wa kulipa?"

"Abiria? Hata mama mkwe akipanda, mimi huona nimejaza."

"Na pikipiki, ni ya bodaboda?"

"La! Ya kunyooshea mgongo."

"Nani mwingine huiendesha?"

"Hakuna. Ile ni kama mswaki, dada."

"Umepata kusababisha ajali?"

"Hata kuku sijamgonga." (Kuku wawili wa Mwatate na ukuta mmoja wa kanisa hawakuwepo kumpinga.)

Umi akamtazama. "Sikiza, kaka. Bodaboda si dhambi. Bima yake ipo, ni ghali kidogo tu. Lakini ukinificha, siku ya msiba kampuni ina haki ya kukataa madai yako. Niandike hivyo hivyo?"

"Andika, dada. Mimi na uwongo hatujuani."

Baada ya wiki chache, Bonface akaondoka na pikipiki kuelekea Kishushe. Hudson akaenda polisi kuandikisha wizi, kisha akarudi nyumbani kujizoeza kulia mbele ya kioo. Mkewe, Mkamburi, akachungulia.

"Ni jino?"

"Ni huzuni."

"Basi huzuni yako iende ikang'olewe."

Kabla ya kwenda kwa Umi alimpigia Bonface, ahakikishe mambo ni shwari. Simu ilikuwa imezimwa. Kesho yake bado imezimwa. Hudson akaingia kwenye Probox na kushika njia ya Kishushe, roho ikimdunda kuliko magurudumu. Huko akamkuta shangazi yake, mamake Bonface, akichambua maharagwe.

"Mwanangu, Mungu akubariki!" shangazi alisema. "Bonface ameniambia umempa pikipiki akaanze maisha Tanzania. Nimekuombea mpaka magoti yameuma."

Hudson akaketi chini, mavumbini, na koti lake.

"Shangazi," alisema, "nimefundisha mtu mmoja tu maisha yangu yote, na huyo mmoja amefaulu."

Njiani kurudi alimpakia mama mmoja na mbuzi wake waliokuwa wakienda Voi, ili apate cha mafuta. Walipofika lami, wazo likamjia, karibu aache usukani. Kumbe ameibiwa kweli! Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kesi ya haki, tena polisi wameshaiandika. Akasimamisha gari nje ya ofisi ya Umi, akaingia mbio. Machozi ambayo kioo kilishindwa kuyatoa yakamwagika yenyewe.

"Dada Umi, wameniua! Wameiba pikipiki iliyolisha nyumba yangu! Kuanzia alfajiri iko stendi, abiria akishuka mwingine anapanda! Bonface hakupumzika hata Jumapili!"

Umi akamsogezea karatasi ya kufutia machozi. "Pole sana, kaka. Bonface ndiye nani?"

"Dereva wangu!"

Hudson akabaki mdomo wazi, chozi limesimama katikati ya shavu kama lori kwenye mizani.

"Dada," alisema polepole, "naweza kulia upya?"

"Waweza. Lakini nishasikia."

"Si ungenikatiza!"

"Ndiyo mara ya kwanza unanambia kweli. Niliona haya kukukatiza."

Mlango ukafunguliwa, na mama wa Kishushe akaingia akivuta mbuzi kwa kamba. "Dereva, tutafika stendi leo, ama nipande jingine?"

Umi akamtazama mama, akamtazama mbuzi, kisha akamtazama Hudson. Hakuhitaji kuuliza.

Madai ya pikipiki yakakataliwa. Bima ya Probox nayo ilibidi iandikwe upya kama gari la biashara, kwa bei ya gari la biashara. Hudson akajibu maswali yote, na safari hii hakuruka hata moja. Ukweli wake ulikuwa mrefu, maana ulikuwa umelimbikizwa miaka mingi, na Umi alilazimika kuagiza chai katikati.

Alipotoka nje, mama na mbuzi walikuwa wameshapanda gari jingine. Nauli hawakuacha.

Hudson akaegemea Probox yake, akacheka peke yake mpaka wapita njia wakageuka. "Bonface namwelewa," alisema. "Lakini hata mbuzi?"