Kadi ya Dhahabu na Mbuzi wa Tabisa

Jumatatu, 3 Machi 2014

Nina miaka sabini na nne. Nimewazika wake wawili. Mgodi wa Kilembe ulifungwa, mimi nikabaki. Marais wamepita, sitawataja. Hata daktari aliyesema sitaiona Krismasi, yeye ndiye ambaye hakuiona. Kwa hiyo mtu asiniambie mimi, Samsoni Thembo, sajini mstaafu, kwamba sijui kuchagua kitu.

Naandika Kiswahili kwa sababu jeshi ndilo lililonifundisha. Shule ilinifundisha kuchapwa tu.

Leo Byamukama amenitia hasira. Huyu alifanya kazi kiwanda cha saruji Hima, na mpaka leo anapiga pasi suruali kama anasubiri kuitwa kazini. Sisi wawili tunamtaka Tabisa, mjane anayeuza chumvi ya Katwe sokoni Bwera. Mwanamke mzito! Akipima chumvi hakuna anayebishana naye. Ukoo wake umesema tarehe ishirini na mbili tuje wote wawili na mahari, wamalize maneno. Mimi nilikuwa nimetulia. Nina mbuzi, na mbuzi wangu wanajulikana mpaka Kasindi kwa Wakongo.

Sasa leo, mbele ya Tabisa, Byamukama anatoa kadi ya benki, ya bluu, anajikuna nayo sikio. Anasema mtu wa maana hatembei na noti siku hizi. Unanunua, benki inalipa, wewe unairudishia taratibu.

Tabisa akaishika. Akaigeuza! Akauliza kama kuna rangi nyingine.

Rangi nyingine. Nimesikia.

Jumanne, 4 Machi

Benki, Kasese mjini. Mle ndani baridi kama juu ya Rwenzori. Binti wa mezani anaitwa Olivia, ana adabu. Nikamwambia nataka kadi inayomshinda Byamukama. Akasema hamjui Byamukama, lakini kadi ziko tatu.

Akazipanga. Nikazikagua ninavyokagua mbuzi: nikazikunja, nikazinusa, moja nikaiuma pembeni. Olivia akaniomba nisiume nyingine.

Bluu: ada ndogo, kikomo cha kukopa kidogo. Ya Byamukama hiyo, sikuitazama mara mbili. Dhahabu: ada inauma, kikomo kirefu, na ruhusa ya kukaa kwenye viti laini uwanja wa ndege Entebbe. Nyeusi: ya wenye mishahara ya kutisha. Hiyo hata kuishika hakuniruhusu.

Akaniuliza, “Mzee, wewe unapanda ndege?”

Nikamwambia bado.

Akaeleza kuna siku za bure. Ukilipa lote ndani ya siku hizo, benki haikudai riba. Nikasema basi nipe hizo siku za bure tu, zile nyingine wape watu wengine. Akashika kichwa. Akasema siku zikipita riba inaingia, na ukilipa kidogo kidogo inaongezeka juu ya ile ya kwanza. Akasema mtu wa kahawa kama mimi, anayeshika hela wakati wa mavuno tu, achukue ya bluu. Au asichukue kabisa.

Binti mzuri, lakini bado mtoto.

Halafu akasema neno la maana. Ukiwa na kadi yako, unaweza kuombea ndugu zako kadi za nyongeza. Kila mmoja anapata yake, na jina lake juu. Wote wanakula kwenye akaunti moja.

Kichwa changu kikawaka! Kwetu mahari ni mbuzi, na kila mbuzi ana mtu wake. Kuna mbuzi wa baba, mbuzi wa mjomba, mbuzi wa shangazi. Sasa kwa nini nisilete kadi ya baba, kadi ya mjomba, kadi ya shangazi? Kadi haili mihogo ya jirani. Haiharishi njiani. Tangu dunia iumbwe hakuna Mukonzo wa kabila letu aliyefikiria hili. Mimi wa kwanza!

Tatizo moja. Sina mshahara, kwa hiyo benki inataka niweke hela zifungiwe kama dhamana. Hela sina. Mbuzi ninao.

Ijumaa, 7 Machi

Soko la Bwera. Nimeuza kikosi chote. Luteni, yule beberu mwenye ndevu, na makoplo wake wote nyuma yake. Nimewalea kijeshi. Nikipiga mluzi wanasimama, nikisema “Mbele tembea!” wanatembea. Mchuuzi mmoja mwenye kofia iliyotoboka aliwachukua wote bila kubishana bei. Nikamcheka moyoni. Mjinga kabisa.

Luteni aliniangalia vibaya akiondoka. Nilimpigia saluti.

Jioni nikapita kwa ukoo wa Tabisa kuomba picha zao na vitambulisho. Shangazi Enid akauliza za nini. Nikasema ni heshima, mambo ya mjini. Akavaa kitambaa kipya cha kichwa ndipo akapigwa picha. Jean-Bosco, kaka mkubwa, ndiye anayesimama pahali pa baba yao marehemu. Alikulia ng'ambo kwa Wakongo na anaongea hivyo hivyo. Akasema, “Muzee, kama ni mambo ya polisi, mimi siko ndani.”

Ijumaa, 21 Machi

Zimefika kutoka Kampala! Yangu ya dhahabu, na tatu za nyongeza. Olivia akanisomea masharti yote. Nikaitika “ndiyo afande” kila aliposimama kupumua. Alipomaliza akaniuliza nimeelewa nini. Nikasema nimeelewa kwamba ni ya dhahabu.

Nimelala nayo chini ya mto.

Jumamosi, 22 Machi

Usingizi umekataa, naandika. Kwa kicheko au kwa aibu, sijaamua.

Ukoo umekaa uani Bwera. Mimi wa kwanza. Nikasimama mguu sawa nikatoa kadi. Hii ya baba, pokea Jean-Bosco. Hii ya mjomba. Hii ya shangazi. Shangazi Enid akaigeuza yake, akauliza, “Hii inazaa lini?”

Nikamwambia inazaa kila mwezi, benki wenyewe wamesema.

Jean-Bosco akasema, “Shemeji, mbuzi iko na miguu. Hii iko na nini?” Mjomba akajaribu kuifungia kamba. Vijana wakaanguka chini kwa kicheko.

Ndipo Byamukama akaingia, suruali imenyooka, nyuma yake mbuzi. Nikatazama. Luteni! Na makoplo wote! Yule wa kofia iliyotoboka alikuwa amenunua kwa niaba yake. Shetani huyu alitaka kuoa na mbuzi wangu, na ile kadi yake ya bluu ilibaki mfukoni.

Sikufikiri. Nikapiga mluzi. Kikosi kikasimama. Byamukama akavuta kamba, hakuna aliyesogea. Nikasema “Mbele tembea!” Wakampita Byamukama, wakamkanyaga kiatu, wakaja kusimama mbele yangu. Luteni akanilamba mkono, halafu akala picha ya mjomba iliyokuwa ndani ya bahasha yangu ya benki.

Zogo! Byamukama anapiga kelele kwamba ana risiti. Mimi napiga kelele kwamba mbuzi wenyewe wamesema. Mjomba anataka picha yake.

Tabisa akatoka ndani. Akamwambia Byamukama kwamba mwanaume anayeoa kwa kikosi cha mwenzake ataomba kesho aazimwe hata maneno ya kumwambia mke wake. Mikunjo ya suruali ikalegea, niliona kwa macho yangu. Halafu akanigeukia mimi. “Na wewe, mzee mzima, umeuza Luteni kwa ajili ya plastiki?”

Nikasema ni ya dhahabu.

Akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema tangu afiwe hajacheka hivyo, na kwa hilo ananichagua mimi. Mimi! Lakini Shangazi Enid akaweka sharti. Mbuzi wa Byamukama wamerudi kwa Byamukama, kwa hiyo mahari bado. Tabisa akasema hataki kundi. Atanipunguzia. Nilete mbuzi mmoja tu, wa mama yake, mbuzi mwenye miguu, kabla ya Pasaka, naye atahamia kwangu na mizani yake. Nisipoleta, maneno yamekwisha.

Mbuzi mmoja! Hiyo siyo mahari, hiyo ni salamu.

Kadi nikawaomba wanirudishie. Jean-Bosco akasema iko mbaya kurudisha zawadi.

Jumatatu, 31 Machi

Olivia amepiga simu. Anauliza kama mimi ndiye niliyenunua Kasese magodoro, redio, mabati, na viatu vya kike namba arobaini na mbili. Viatu ni vya Shangazi Enid, naujua mguu ule. Mashemeji walikodi pikapu! Kikomo kimefika. Olivia anasema nisipolipa, benki itachukua zile hela za dhamana, na mwisho wa habari.

Nikamuuliza viti vya Entebbe bado ni vyangu? Akakata simu. Mtandao mbaya kule Kasese.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeuza kahawa. Bei nzuri, kwa sababu nilimkazia macho mnunuzi. Hela ya mbuzi iko mfukoni, imefungwa kwa kitambaa. Tabisa ametuma neno kwamba ameanza kufunga vyombo. Keshokutwa ni soko. Nanunua mbuzi, nampeleka, nimeoa. Hata mtoto angeweza.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilitoka asubuhi kununua mbuzi. Ukweli mtupu.

Lakini nilipitia Kasese kumwambia Olivia kwamba simchukii. Ng'ambo ya barabara wamefungua benki nyingine, baluni mlangoni, soda ya bure. Kijana wa pale akaniita “Mkubwa”. Akaniuliza kama nina kadi. Nikamwonyesha ya dhahabu. Akaitazama kama mtu anayetazama kandambili kuukuu. Akasema kadi yao inatoa alama. Kila unaponunua unapata alama, na alama zikijaa wanakupa zawadi. Kwenye karatasi yao kuna picha ya friji.

Nikawaza kama askari. Mbuzi ni mmoja, akiliwa amekwisha. Friji ni friji! Mama mkwe ataweka maji baridi, Bwera nzima itakuja kuomba barafu, na Byamukama atakuja na kikombe chake kama wengine. Wanataka dhamana ndogo tu. Hela ya kahawa ilitosha shilingi kwa shilingi. Hiyo siyo bahati, hiyo ni ishara.

Safari hii nimelinganisha vizuri. Niliwaambia wote wanyamaze kwanza nisome mwenyewe ile karatasi. Nilisoma picha zote.

Kadi inakuja baada ya Pasaka. Tabisa bado hajui. Atafurahi sana.

Mtu akisema nimedanganya, amuulize Olivia, aliyesimama dirishani kwake ananipungia mikono yote miwili nilipokuwa natia sahihi. Nadhani alikuwa ananipongeza. Amuulize Shangazi Enid, kama atampata bila viatu vile. Au amuulize Byamukama. Alikuwa nje ya mlango wa benki na Luteni kwenye kamba, wanaelekea Bwera kumsalimia mama yake Tabisa, na Luteni aliniona.