Kuku Amepokelewa, Barua Imerudi

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Kitale.

Kwako daftari. Hujambo? Mimi sijambo. Baba Mwihaki, yaani Muigai, hajambo isipokuwa goti. Ian hajambo, yuko kidato cha tatu na anakula kama watu watatu. Nyanya yao hajambo, anauliza kama mvua imefika huko kwako. Ng'ombe hajambo. Mwihaki yuko nyumbani kwa likizo, na yeye hajambo kwa mdomo tu.

Najua daftari halisalimiwi. Lakini mimi niliacha shule darasa la sita, na kitu nilichofundishwa kuandika ni barua. Mwihaki ndiye amenipa daftari. Amesema nikiwa na wasiwasi niandike, nisimuulize yeye kila dakika kumi.

Wasiwasi ndio huu. Mwihaki anasomea sheria. Lazima apate ofisi ya wakili ya kujifunzia kazi miezi mitatu, wanaita atachimenti. Barua ya kukubaliwa ifike chuoni kabla Alhamisi tarehe 17 haijaisha. Isipofika, anangoja mwaka mzima. Ameomba ofisi kumi na moja, Kitale mpaka Bungoma. Hakuna hata moja imejibu. Ameomba kwa barua pepe. Sasa barua isiyoshikika, nani ataiheshimu?

Na jirani yetu Jerono, tunaimba naye sauti ya pili kwaya, amenijulisha leo ati Chelagat wake amepata Eldoret. Amenijulisha mara tatu. Nikasema Mungu ni mwema. Nilimaanisha kidogo.

Jumanne, 8 Aprili.

Nimetoka Bungoma. Mwihaki hajui.

Ian alinichapishia barua ya dadake pale saiba, kwa wenye kompyuta. Katika wale kumi na moja nikachagua wakili Ramandeep, kwa sababu kwa picha ana uso wa mtu aliyelelewa. Nikabeba na kuku, yule mwekundu. Mtu haendi kuomba akipunga mikono.

Mlangoni kuna karani anaitwa Nabwile. Nikampa kuku na barua. Kuku amepokea. Barua amerudisha. Ati maombi ni kwa barua pepe, na wanaoingia kwa wakili ni wateja peke yao.

Nikakaa kwa benchi nikafikiria. Nikarudi nikamwambia mimi ni mteja. Akauliza shida gani. Nikasema shamba. Huku kwetu shida ikikosa kuwa ndoa ni shamba, na Muigai sina neno naye. Akauliza nashtaki nani. Jina lililokuja kwanza ni Jerono.

Wakili anajua Kiswahili kuniliko. Aliniita mama, akaniagizia chai. Nia yangu ilikuwa niguse shamba kidogo halafu niingize Mwihaki. Lakini tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuandika kila neno ninalosema. Nikasema Jerono amesogeza ua wetu wa kaiyaba futi mbili. Akaandika. Nikaongeza ati alisogeza usiku. Akaandika. Nikalia kidogo, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Nilipomkumbuka Mwihaki nilikuwa nimeshatia sahihi mahali pawili na mteja mwingine anaingia.

Nikitoka, kuku alikuwa chini ya meza ya Nabwile. Ametulia kuniliko.

Alhamisi, 10 Aprili.

Kumbe wakili akiandika, hutuma.

Jerono amepata barua. Imeletwa na mtu wa pikipiki. Chelagat alimsomea wakiwa upande wao wa ua, akimgeuzia Kiingereza kiwe Kiswahili, na Jerono akirudia kila sentensi kwa sauti ya juu. Ati ameimba na mama Mwihaki miaka kumi na minne. Ati yeye ndiye anatembea usiku amebeba kaiyaba, na miiba yote hiyo, si angeonekana kwa mikono?

Nilikuwa nimeinama kwa sukuma wiki. Niliendelea kuinama. Muigai akauliza Jerono anaongea na nani. Nikasema pengine ni redio.

Jumamosi, 12 Aprili.

Mwihaki amejibiwa. Na wakili Ramandeep. Kwa barua pepe. Ati maombi yake yameandikwa vizuri, wanamtaka.

Alinikumbatia mpaka kitambaa kikaanguka. Halafu akanisomea fomu. Ofisi haimchukui mwanafunzi ambaye jamaa yake ana faili wazi hapo, mpaka faili ifungwe. Akacheka, akashika kalamu aandike hapana. Nikamwambia ngoja kwanza.

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Aliuliza tu, mama, kwani ulienda na kuku? Nikasema yule mwekundu.

Nimempigia Nabwile simu. Ati barua ikishamfikia mtu, wakili hafungi faili bila karatasi ya maelewano yenye sahihi zote mbili. Yangu na ya Jerono.

Jumapili, 13 Aprili.

Jerono amehamia sauti ya kwanza.

Nilimfuata nje baada ya ibada. Nikamwambia yalikuwa makosa, atie sahihi yaishe. Akasema hapana bana, huwezi kuniita mwizi kwa karatasi halafu unifute kwa mdomo. Shamba lipimwe kwanza, watu wakiona. Atamleta mzee Gicheru, aliyestaafu kazi ya kupima mashamba.

Nikakubali mbio. Ua ule haujasogea tangu baba mkwe aupande.

Jumanne, 15 Aprili.

Gicheru amekuja na ramani, tepu na jembe. Akachimba akitafuta bikoni, lile jiwe la mpaka. Akalipata. Lilikuwa upande wetu.

Ua umeingia futi mbili kwa Jerono. Baba mkwe alipanda vibaya, au alipanda vizuri sana. Sukuma wiki yangu mstari mzima ni ya Jerono. Choo, nusu.

Jerono alikiangalia choo muda mrefu. Halafu akasema masharti. Tung'oe ua wenyewe kabla ya Pasaka, na atatia sahihi. Choo kibaki, yeye si mtu mbaya, ila nusu ni yake na atakuja akitaka.

Muigai ameniuliza ni nani alianza hii maneno. Nikasema tutafute panga.

Alhamisi, 17 Aprili.

Tumeng'oa tangu jana alfajiri, mimi, Muigai na goti lake, na Ian. Naandika na vidole vitatu, vingine vina miiba. Jerono alitoa kiti akakaa akitutazama. Saa tatu asubuhi akatia sahihi, akaniletea chai bila kuniangalia. Mwihaki akapeleka karatasi Bungoma. Barua imefika chuoni saa tisa na nusu.

Amepata. Nimelia mpaka ng'ombe akageuka.

Nabwile ametuma salamu. Kuku anataga.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili.

Jerono amerudi sauti ya pili. Ya kwanza ilimuumiza koo. Leo amekuja chooni mara mbili, na sidhani alikuwa na haja.

Muigai anasema nimepoteza futi mbili kwa kitu ambacho mtoto alijipatia mwenyewe. Mwihaki anasema hivyo hivyo. Mimi nimefikiria sana. Ofisi niliyoenda imejibu. Zile kumi ambazo sikuenda ziko kimya mpaka leo. Ukweli si huo hapo?

Ian naye amesema mezani ati anataka udaktari. Kimilili kuna daktari mmoja, nimeonyeshwa picha, ana uso mzuri. Lakini nimeulizia. Ati anaona wagonjwa peke yao.

Tangu mchana nasikia kitu mgongoni, upande wa kushoto. Kuku nimeshachagua, ni yule mweusi.

Basi daftari, wasalimie wote huko kwako. Nijibu upesi, maumivu yenyewe sijui kama yatafika Ijumaa.