Mzee wa Ohayo na Jina la Mtoto

Jumatatu, 9 Machi. Kitale.
Mtoto analia tangu asubuhi. Zahanati wamempima, ati hana kitu. Mama mkwe amepiga simu kutoka Bungoma: kuna mzee aliyekufa zamani anadai mtoto apewe jina lake. Tumpeleke Jumapili, wamtajie majina ya wazee. Atakaponyamaza, jina ni hilo. Nikauliza polepole wanaanza na nani. Walukana! Babu wa babu yake Wanyonyi, mume wangu. Aliishi kabla wazungu hawajafika na akachoma ghala la wakwe zake kwa sababu walichelewesha chakula. Apewe mwanangu huyu, mwenye vidole kama maharagwe mabichi? La. Nitamtafutia babu mwingine.

Jumatano, 11 Machi.
Nimeenda Naitiri kwa baba mdogo wa Wanyonyi, anayetunza Biblia ya ukoo. Majina yaliandikwa ukurasa wa mbele. Panya wamekula ukurasa wa mbele. Kimebaki kipande: Jeremia. Nikamuuliza ni nani huyo. Akafikiri sana, akasema labda ni yule nabii. Mimi sijali. Jina halina moshi.

Alhamisi, 12 Machi.
Sayba ya rafiki yangu Khairunisa, duka lake la intaneti karibu na msikiti. Nataka kumjua huyo Jeremia. Tumeandika: Jeremia, mkulima wa mahindi, karne ya kumi na tisa. Kompyuta ikatoa mmoja, wa Ohayo, Amerika! Alizaliwa 1838. Watoto saba, mzee wa kanisa la Marafiki, ndevu hadi kifuani. Hakuchoma chochote. Khairunisa akaniangalia kwa huruma.
"Lorna, si huyu ni mzungu, bana."
Nikamwambia kanisa letu Bungoma ni la Marafiki, mahindi tunalima, na baba mkwe alikuwa na ndevu hizo hizo. Achapishe. Alichapisha mara mbili. Nakala ya kwanza mtoto aliitapikia. Naomba isiwe ni jibu.

Ijumaa, 13 Machi.
Mbinu ni hii: nichelewe kumnyonyesha, alie. Wakitaja Jeremia, nampa ziwa chini ya leso. Nimejaribu mara moja. Ananyamaza! Lakini kabla ya hapo alinitazama, machozi yamejaa, nikalia mimi pia. Pole, baba. Ni kwa faida yako.
Mama mkwe amepiga tena. Nikaomba na Jeremia atajwe. Huyo Jeremia ni wa wapi? Nikasema Ohayo. Ohayo iko upande gani? Nikasema mbele kidogo ya Moi's Bridge.

Jumapili, 15 Machi. Bungoma.
Balaa. Sijakaa hata kwenye kiti, mama mkwe akasema nimechoka, akamchukua mtoto. Ziwa liko huku, mtoto yuko kule! Akina mama wakaanza na Jeremia, kwa heshima yangu. Mtoto alilia hadi kuku wakatoka sebuleni. Wakataja wengine. Kilio. Wakataja Walukana.
Kimya.
Vigelegele. Nikaenda kumbusu mtoto wangu. Midomo ilikuwa mitamu. Nikanong'ona: mama, hii ni sukari. Hata hakushtuka.
"Na wewe umeshika kifungo cha blauzi tangu mlangoni. Mwanangu, hata mimi nilifanyiwa na mama mkwe wangu. Wanyonyi alinyamazia maji ya muwa."
Nikamwambia ukweli: naogopa atakuwa mtu wa hasira. Akanikalisha. Akasema Walukana aliwajengea wakwe maghala mawili mahali pa lile moja, kwa mikono yake, na mkewe hakuondoka. Ila watu wanapenda kusimulia moto.
Nikamnyonyesha Walukana. Akalala.

Jumatatu, 16 Machi. Kitale.
Bado amelala. Nimemgusa mara nyingi kuhakikisha anapumua. Jina nimelikubali. Kibiriti nimekiweka juu ya kabati. Wanyonyi anacheka, acha acheke.
Nimejifunza: mambo ya wazee si ya kuchezea. Sitarudia.
Nimempigia Khairunisa aangalie mke wa yule Jeremia aliitwa nani. Mtoto wa pili, Mungu akijalia, anaweza kuwa msichana. Safari hii mtoto simtoi mkononi, na sukari nimeshanunua.