Regulata ya Baba Kibonge

Jumatatu, 3 Juni
Kapteni katangaza leo! Kapteni ni mlinzi wa kiwanda chetu cha maboksi, na ndiye mkuu wa klabu yetu ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Timu ya watu wanne inasafiri kushindana Jumapili. Watatu wamepatikana. Nafasi ya nne ni mimi au wifi yangu. Jumamosi kila mmoja atapiga risasi tano. Ambaye matundu yake yamekaribiana zaidi ndiye anapanda basi.
Na mji wenyewe ni ule anaofanya kazi Baba Kibonge! Miezi saba sijamwona mume wangu. Mtoto ameshaanza kutembea, baba yake anamjua wa kutambaa. Wifi naye anamtaka kaka yake. Lakini yeye kaka anao watano. Mimi mume ninaye mmoja.
Tatizo ni bunduki. Ni ya Baba Kibonge na imechoka. Risasi moja juu, ya pili chini, kama zimegombana. Kapteni anasema ni regulata, kile kidude cha ndani kinachopima upepo wa mtungi ili kila risasi ipate sawa na mwenzake. Nitairekebisha mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa fundi wa majiko ya gesi. Regulata ni regulata, au siyo? Alicheka, kisha akasema nitoe upepo wote kwanza, nikaze skrubu robo mzunguko, nijaze, nijaribu. Akarudia: robo, mama. Kana kwamba sijui robo!
Nimefanya. Kibonge nimempeleka kwa bibi yake, nikaipiga miche ya sabuni nyuma ya nyumba, nikapima vina vya matundu kwa njiti ya kiberiti. Risasi kumi, zote nusu njiti. Zote! Nikapiga makofi. Nikageuka nimwonyeshe mtu.
Kamba ya nguo tu.

Jumatano, 5 Juni
Wifi kaja kuazima pasi. Kauliza ile ni bunduki au pampu ya baiskeli. Kasema nisijisumbue, salamu zangu atazifikisha. Akanibusu shavuni. Hapo ndipo paliponiuma, maana ana roho nzuri.
Kama robo imeleta nusu njiti, mzunguko mzima je? Nimekaza mzunguko mzima.
Risasi ilitoka kama mtu aliyeamshwa siku ya mvua. Ikaigonga sabuni, ikaanguka.
Halafu mama mkwe kalalamika kaokota risasi kwenye beseni la nguo. Kauliza nani anailisha sabuni risasi. Nimesema viwanda vya siku hizi, mama.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerudi kwa fundi. Kanieleza kwamba presha ikizidi inakibana kile kilango cha upepo. Nyundo ya ndani ya bunduki inagonga, kilango hakifunguki sawasawa. Kauliza nilikaza kiasi gani. Nikasema kidogo. Akanitazama. Nikasema kidogo, mara nne.
Kairudisha mwenyewe na kuweka alama kwa rangi yangu ya kucha: hapa, usipaguse. Nusu njiti tena, mara kumi! Nimekwenda kwa wifi kupiga pasi gauni la safari. Lake lilikuwa tayari limekunjwa.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi alitangulia. Tano, zote unazifunika kwa kizibo cha soda! Vigelegele. Bunduki yangu ilikuwa salama, alama palepale. Moyo ndio haukuwa palepale. Nikaomba ruhusa nikajaze upepo nyuma ya stoo. Nikakaza robo moja tu. Na nyingine ya kusindikiza. Baada ya hapo sikuhesabu vizuri.
Risasi ya kwanza ilipiga ukuta. Ya pili, ardhi. Ya tatu ilichungulia tu, ikadondokea kiatu cha Kapteni. Akaiokota akanirudishia, kama unavyomrudishia mtoto kijiko. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.
Kabla basi halijaondoka nilimshika Kibonge mguu, nikauchora unyayo wake kwenye kipande cha boksi, nikampa wifi ampelekee kaka yake. Nikamwambia asikikunje. Wifi alilia kuliko mimi.

Jumapili, 9 Juni
Wifi kapiga simu. Timu imekuwa ya tatu. Kisha akampa simu Baba Kibonge. Akasema ameuweka ule unyayo kwenye kiganja chake, na umebakiza kidogo tu kukijaza. Atakuja mwisho wa mwaka, akipewa ruhusa. Na regulata nisiiguse tena. Nimeapa.
Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya sana. Nikawaza. Regulata haina kosa, wala mimi sina. Kosa ni la nyundo, inagonga kinyonge! Ingekuwa na springi ya maana, kilango kingefunguka hata nikikaza mizunguko miwili. Na mashindano mengine ni Septemba, mji uleule.
Springi zinauzwa wapi, sijui. Lakini godoro letu ni la springi, na upande wa Baba Kibonge haulaliwi. Nimekwenda kuchukua mkasi.