Wajomba wa Mtaa Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ni moja tu! Mwalimu wa jiografia atasafiri na mwanafunzi mmoja kwenda shule rafiki ng'ambo. Atakayelinganisha vizuri ukubwa wa kaya za huku na za kule ndiye atakayepanda ndege. Wenzetu wametuma takwimu za rejista yao ya wakazi: kila mtu na anwani yake, basi. Kiranja, yule anayesahihisha hata salamu zako, amekimbilia sensa. Sensa ya miaka kumi iliyopita! Maskini. Mimi nitafanya utafiti wangu mwenyewe, mlango kwa mlango. Nimeshamwomba mama anitafutie sweta.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu amesema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Rahisi! Kila nyumba nimeuliza: jana usiku nani alikula hapa? Nimegundua jambo la kisayansi. Karibu kila kaya mtaani ina mjomba mmoja, mrefu, mcheshi, asiye na haraka ya kuondoka. Fundi cherehani anaye. Mama Pacha anaye. Hata kinyozi, anayeishi peke yake, anaye! Kwenye rejista ya ng'ambo wajomba hawaonekani kabisa. Nimeandika: jamii yetu ina upendo zaidi. Nikapigia mstari.

Mjomba wangu mwenyewe leo hakugusa chakula. Mama akamuuliza kulikoni. Akasema tumbo limejaa gesi. Pole yake.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Nilisoma ripoti mbele ya darasa. Kiranja akanyoosha mkono, kwa heshima ya kinafiki, akauliza kama wajomba wote hao huvaa kofia ya kijani. Nikaikumbuka kofia inayoning'inia nyuma ya mlango wetu. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema, mwanangu, tumbo moja umelihesabu mtaa mzima.

Afadhali Kiranja naye alihesabu kaya zilizobomolewa zamani kupisha kituo cha mafuta. Tumepewa sote hadi Jumatatu kurekebisha. Mwalimu akanisisitizia: wale wamehesabu kwa anwani, wewe kwa chungu, utalinganishaje? Vipimo vilingane!

Nyumbani Mjomba amenuna. Anadai nimemwanika. Kinyozi sasa anafunga mlango saa ya chakula. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi

Nimeelewa kabisa! Vipimo lazima vilingane. Kwa hiyo nimemwandikia msichana wa shule ile ya ng'ambo, nikamwomba kwa adabu aongeze mjomba mmoja katika kila nyumba ya rejista yao. Ngoma droo! Na Kiranja hatakuwa na la kuuliza, kwa sababu kofia za kule hazijui. Kesho nashinda.

Mjomba tumepatana. Ameniazima sanduku lake, kisha akauliza, kama mtu asiyejali sana, kule ng'ambo jioni wanakula saa ngapi.